TVS, varista, mrija wa gesi au zena: uweke kipi kukinga saketi yako?

Ukiingia duka la vipuri vya elektroniki, liwe la Kariakoo au la Luthuli, ukaomba kitu cha kukinga saketi dhidi ya umeme unaoruka, muuzaji atakuuliza: "Volti ngapi?" Ni swali zuri, lakini linapaswa kuja la pili. La kwanza ni kama mruko wenyewe una nishati kiasi gani na unadumu kwa muda gani. Dayodi ya TVS (ya kubana mruko wa volteji), varista (kisahani kinachopitisha mkondo volteji ikizidi), mrija wa gesi (gesi yake huwaka na kupitisha mkondo volteji ikizidi) na zena (dayodi ya kushikilia volteji) vinaweza kuandikwa volti zinazokaribiana, na bado kimoja kikaokoa bodi mahali ambapo kingine kitapasuka au hakitashtuka kabisa.

Tuanze basi na muda. Kidole chenye umeme tuli kikigusa soketi ya USB, kila kitu kinaisha haraka mno: jaribio la IEC 61000-4-2 kwa kilovolti 8 linaigiza mkondo unaofika ampea 30 ndani ya nanosekunde moja hivi. Koili ya rilei ikikatiwa umeme, inarudisha nishati iliyokuwa nayo kwa mikrosekunde au milisekunde chache. Radi ikianguka karibu na nyaya, zinakuja ampea nyingi sana kwa makumi ya mikrosekunde. Altaneta ya gari ikinyang'anywa betri huku ikichaji, mruko wake hudumu sehemu kubwa ya sekunde. Halafu kuna nyutro kukatika kwenye nguzo, ambapo nyumba inaweza kupokea zaidi ya volti 300 kwa dakika kadhaa au usiku kucha. Hilo si mruko tena, na kati ya vipande hivi vinne hakuna kinacholiweza. Nitalirudia tukifika kwenye umeme wa ukutani.

TVS na zena: ndugu wasiolingana kifua

Kifizikia hawa wawili ni kitu kimoja. Zote ni dayodi za silikoni zinazowekwa kinyume, sambamba na kile unachokilinda, mstari ukielekea upande wa chanya. Volteji ikiwa ya kawaida hazipitishi kitu cha maana. Ikizidi kiwango chake, zinafunguka na kupeleka mkondo kwenye hasi, na volteji iliyobaki kwenye saketi inabanwa.

Tofauti iko kwenye ukubwa wa kipande cha silikoni kilichomo ndani na jinsi joto linavyotawanyika. Zena ya 1N4742A ni ya volti 12 na wati 1, imetengenezwa kushikilia volteji kwa utulivu siku nzima kwa mkondo mdogo. TVS ya familia ya SMBJ, ambayo kwa umbo haitishi, inabeba wati 600 za kilele. Lakini soma masharti ya hizo wati 600: ni kwa mpigo wa 10/1000, maana yake unaofika kileleni kwa mikrosekunde 10 na kushuka hadi nusu kwa mikrosekunde 1,000. Ukipiga hesabu ya nishati yote ya mpigo huo hupati hata jouli moja. Mpigo ukirefuka mara 100, nguvu ambayo dayodi inaweza kuistahimili inashuka takriban mara 10. Kwa hiyo anayeona "600 W" na kudhani amenunua hita amejidanganya.

Kama ni kukinga pini ya maikrokontrola inayosoma kitufe kilicho sentimita chache pembeni, zena na resista mbele yake zinatosha. Waya ukitoka nje ya boksi, chukua TVS.

Mtego wa namba

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kila TVS ina volteji tatu za kuangalia. Ya kwanza ni ya kusubiri: hadi hapo dayodi imetulia. Ya pili ni ya kufunguka, pale inapopitisha miliampea moja au kumi kwenye kipimo. Ya tatu ni ya kubana, yaani kiwango ambacho saketi yako itakiona wakati mkondo mkubwa unapita. Kinachookoa au kuua chipu ni hiyo ya tatu, na ndiyo isiyoandikwa kwenye jina.

Kinachoandikwa kwenye jina kinategemea familia. Kwenye SMAJ, SMBJ na SMCJ (wati 400, 600 na 1,500) namba ni volteji ya kusubiri. Kwenye P6KE na 1.5KE, zile zenye miguu, namba ni volteji ya kufunguka. Ndiyo maana P6KE15A si mbadala wa SMBJ15A hata kama muuzaji ataapa. Volteji ya kusubiri ya P6KE15A ni 12.8 tu, na inaanza kufunguka popote kati ya 14.3 na 15.8. Herufi ya mwisho nayo ina maana: A peke yake ni ya upande mmoja, CA ni ya pande mbili.

Hizi ni baadhi ya zile zinazotumika kwenye mifumo ya betri ya volti 12:

| Dayodi | Kusubiri (V) | Kufunguka (V) | Kubana (V) |
|---|---|---|---|
| SMBJ12A | 12 | 13.3–14.7 | 19.9 |
| SMBJ15A | 15 | 16.7–18.5 | 24.4 |
| SMBJ18A | 18 | 20.0–22.1 | 29.2 |
| SMBJ24A | 24 | 26.7–29.5 | 38.9 |
| SMBJ33A | 33 | 36.7–40.6 | 53.3 |

Mtu mwenye betri ya volti 12 anaiona SMBJ12A na kufurahi. Betri hiyo ikichajiwa na altaneta au chaja ya sola inafika 14.4, na dayodi imeshaanza kupitisha mkondo bila mruko wowote. Inapata moto, inazeeka, na siku moja inashoti.

Kwa sola ndogo ya nyumbani SMBJ15A ingeonekana jibu, na kwa saketi iliyofungwa kwenye betri moja kwa moja nisingeikataa. Ila chaja nyingi za bei ya chini, betri ikichomoka, zinaachia volteji ya paneli ipite ilivyo. Paneli ya "volti 12" isiyo na mzigo ina volti 21 au 22. Kwa jua la saa sita mchana, hiyo ni SMBJ15A iliyokaangwa. Kwenye sola ningechukua SMBJ24A, kisha nikahakikisha kirekebishi cha volteji kinachofuata kinavumilia 38.9. LM2596, inayopatikana kila kona, inafanya kazi hadi volti 40 na kikomo chake cha mwisho ni 45, kwa hiyo wanaelewana. 7805 kikomo chake ni 35, kwa hiyo hapana. Moduli ndogo za MP1584 zina kikomo cha kazi cha volti 28. Hizo hata SMBJ18A haizitoshi.

Gari, pikipiki na bajaji

Waliofunga vifaa vya kufuatilia magari, mashine za tiketi za daladala au taa za LED kwenye lori wanajua kwamba umeme wa gari ni mchafu. Uchafu mwingi ni mdogo na wa haraka, na SMBJ24A inaumaliza. Mbaya ni mmoja: kichwa cha betri kulegea injini ikiwa inachaji. Kiwango cha ISO 16750-2 kinaiweka hali hiyo, kwa gari la volti 12, kati ya volti 79 na 101, ukinzani wa chanzo kati ya omu 0.5 na 4, na muda wa milisekunde 40 hadi 400. Kwa gari la volti 24 inafika kati ya 151 na 202.

Tufanye hesabu. Chukua volti 87, chanzo cha omu 1, dayodi inayobana kwenye 39. Zinabaki volti 48, kwa hiyo mkondo ni ampea 48, na dayodi inapokea karibu wati 1,900 mwanzoni, zikishuka polepole kwa sehemu ya sekunde. SMBJ, yenye wati 600 kwa mpigo wa milisekunde moja, haina hata nafasi ya kujitetea. SMCJ pia hapana. Kwa kazi hii kuna familia kama SM8S, mapande makubwa ya umbo la DO-218 yenye wati 6,600 kwa mpigo wa 10/1000 na wati 5,200 kwa mpigo mrefu wa 10/10,000. Ni ghali na si kila duka linazo, lakini kifaa kinacholisha mzigo mkubwa moja kwa moja kutoka kwenye betri kinazihitaji.

Magari mengi ya kisasa yana altaneta zenye dayodi za kubana ndani yake, na mruko unaotoka unakomea karibu na volti 35. Ukiwa na hakika na hilo, mzigo wa dayodi yako unakuwa mdogo sana. Lakini altaneta iliyofunguliwa na kusukwa upya gereji mara mbili au tatu inaweza kuwa na dayodi za aina yoyote, na mimi siwezi kuiwekea dhamana.

Kwa kifaa kinachokula mkondo mdogo, miliampea 100 kwa mfano, ipo njia ya kati ambayo naipenda kuliko kununua pande kubwa: weka resista ya omu 10 kabla ya dayodi. Kwa kawaida inakula volti 1 tu. Kwenye mruko ule ule wa volti 87, mkondo unashuka kutoka ampea 48 hadi chini ya 5. Resista iwe ya kusuka kwa waya, si ile ya kaboni ya robo wati. Dayodi iwe SMCJ badala ya SMBJ, maana muda bado ni mrefu. Ukiongezea kirekebishi cha LM2596HV, kinachovumilia volti 60, unaweza kupanda hadi SMCJ33A inayobana kwenye 53.3.

Kwa nini nasisitiza 24 na kuendelea kwenye gari la volti 12? Kwa sababu ya kubusti. Gari limezimika barabarani, jirani pekee ni lori la volti 24, na nyaya za jampa zinafungwa bila kuulizana. Dayodi yenye volteji ya kusubiri ya 15 au 18 itapitisha mkondo wa betri mbili za lori mpaka kitu kikatike. Kwa hiyo mbele yake lazima kuwe na fyuzi. TVS ikizidiwa kwa kawaida hufa kwa kushoti, jambo zuri kwa saketi iliyo nyuma yake, ila bila fyuzi kitakachoungua ni njia za shaba za bodi, au waya uliofichwa chini ya zulia la gari.

Koili ya rilei

Hapa sioni sababu ya kununua TVS. Rilei ndogo ya volti 12 yenye koili ya omu 400 inakula miliampea 30, na dayodi ya 1N4007 iliyowekwa kinyume juu ya koili inamaliza mruko wote. ULN2003, chipu ya kuendeshea rilei, tayari inazo dayodi hizo ndani, mradi ukumbuke kuunga pini ya 9 kwenye chanya ya koili. Pini hiyo husahaulika mara nyingi ajabu.

TVS au zena ina nafasi pale unapotaka rilei iachie haraka. Dayodi ya kawaida inauacha mkondo uzunguke kwenye koili na kupungua taratibu, kwa hiyo midomo ya rilei inaachana kwa uvivu na cheche zinaila. Ukiunga zena ya volti 24 mfululizo na dayodi, inaachia mapema zaidi, na transista inayoendesha rilei itaona volti 36 na kidogo, kwa hiyo iwe inayohimili zaidi ya hapo. Koili ya kontakta (rilei kubwa) ya AC ni jambo jingine: dayodi ya upande mmoja itashoti nusu ya kila wimbi. Pale tumia varista, TVS ya CA, au resista na kapasita mfululizo.

Umeme wa ukutani

Hapa TVS inashindwa, na namba zinaeleza kwa nini. Kwa volti 240, kilele cha wimbi ni 339, na umeme ukipanda asilimia 10 kilele kinafika 373. TVS inayoanza kufaa ni 1.5KE440CA, ambayo volteji yake ya kusubiri ni 376. Inabana kwenye volti 602, kwa mkondo wa ampea 2.5. Varista ya 14D471K, kile kisahani cha buluu chenye kipenyo cha milimita 14, imeandikiwa volti 300 za AC na inavumilia ampea 4,500 kwa mpigo mmoja wa 8/20. Mipigo hiyo miwili si sawa, wa varista ni mfupi zaidi, lakini hata ukiisamehe TVS kwa hilo pengo halizibiki. Na varista ni ya bei ya chini kuliko TVS hiyo.

Kasoro ya varista ni mbili. Haibani vizuri: 14D471K ikipitisha ampea 50 inaacha hadi volti 775. Pawasapulai inaweza kuvumilia kwa sababu ina kapasita kubwa na vipuri vya volti nyingi, chipu haiwezi. Ya pili, inachakaa. Ndani yake ni chembe za oksidi ya zinki zilizobanwa pamoja, na kila mruko mkubwa unaharibu mipaka kati ya chembe hizo. Volteji yake ya kufunguka inashuka pole pole mpaka siku ambayo umeme wa kawaida unaipasha moto. Ndiyo maana varista lazima iwe nyuma ya fyuzi, na ikiwezekana iwe na fyuzi ya joto iliyoigusa.

Namba 471 isomwe kama za kapasita: 47 na sifuri moja, yaani 470, nayo ni volteji ya kufunguka kwa miliampea 1 ya DC. Usiichanganye na volti za AC.

Mrija wa gesi una nguvu kuliko wote kwa ukubwa wake, kilo-ampea 5, 10 hata 20, lakini usiuweke peke yake kati ya laini na nyutro. Ukishawaka, volteji yake inaanguka hadi makumi machache, na umeme wa gridi unaendelea kupita ndani yake. Unafaa kati ya nyutro na ethi, au mfululizo na varista, ambapo varista inauzima na mrija nao unaizuia varista isivuje mkondo kila saa. Pasipo fimbo ya ethi iliyochimbiwa sawasawa, hata hivyo, vyote viwili ni mapambo. Kwa walio mashariki ya Kongo hili si la kupuuza: Kabare, Kivu Kusini, ndipo vipimo vya setilaiti vilipokuta radi nyingi kuliko mahali pengine popote Afrika.

Nyutro ikikatika sasa. Varista ya volti 300 ikipewa 380 kwa dakika nzima inapasuka, na kama bahati iko upande wako fyuzi inakatika nayo. Kinga ya hali hiyo ni kifaa kinachokata umeme kabisa, kile tunachokiita friji gadi, chenye rilei inayoachia volteji ikizidi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Friji gadi nayo haiwezi kuwahi mruko wa mikrosekunde. Nunua yenye varista ndani, au weka vyote viwili.

Nyaya za data

SMBJ5.0A ina kapasitansi ya nanofaradi kadhaa. Ukiiweka kwenye laini ya USB ya megabiti 480 kwa sekunde, hakuna kitakachopita. Kuna vipande vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama USBLC6-2, yenye pikofaradi 3.5 kwa juu kabisa. Kwa RS-485 (laini ya data inayopita kwenye waya mrefu) chagua SM712, ambayo haina ulinganifu kwa makusudi: volti 12 upande mmoja na 7 upande mwingine, sawa na mipaka ya RS-485 yenyewe.

Waya wa RS-485 ukipita nje kutoka jengo hadi jengo, TVS peke yake ni ndogo. Hapo weka mrija wa gesi wa volti 90 mlangoni, resista ya omu 10, kisha TVS. Resista hiyo si ya hiari. Mruko ukija kwa kasi, mrija wa volti 90 unaweza kusubiri hadi volti 600 kabla ya kuwaka. TVS ikiwa imeungwa moja kwa moja nao, inaibana laini kwenye volti chache, mrija hauwaki kamwe, na kidogo ndicho kinachobeba mzigo wa kikubwa. Kwa omu 10, mkondo ukikaribia ampea 60 mrija unaona volti zake 600 na kuchukua kazi.

Ukishachagua, uiweke wapi

Dayodi nzuri iliyowekwa vibaya ni hasara. Waya au njia ya shaba ina induktansi ya takriban nanohenri 10 kwa sentimita. Ule mkondo wa umeme tuli, ampea 30 kwa nanosekunde moja, ukipita sentimita moja tu ya ziada unazalisha volti 300 juu ya zile ambazo TVS imebana. Kwa hiyo iwe jirani na soketi, na njia ya shaba iingie kwenye mguu wa dayodi ndipo iendelee kwenye chipu, isiwe tawi la pembeni. Zile zenye miguu mirefu zikatwe fupi kabisa.

Kabla ya kulehemu, ipime kwa multimita kwenye alama ya dayodi: ya upande mmoja ionyeshe kati ya 0.5 na 0.7 kwa mwelekeo mmoja na isionyeshe kitu kwa mwingine, ya CA isionyeshe kitu popote. Kujua volteji halisi ya kufunguka, unganisha resista ya kilo-omu 10 na sapulai inayopanda, upandishe taratibu ukisoma volteji juu ya dayodi. Itasimama pale inapofunguka. Kwa vipande visivyo na chapa inayosomeka, kipimo hiki ni cha lazima. TVS iliyotolewa kwenye bodi mbovu ikipita vipimo hivyo, itumie bila wasiwasi. Varista iliyotolewa kwenye pawasapulai ya zamani itupe, hata kama inaonekana mpya.